Udongo Uliopelekwa Shule

Dada yangu alizikwa kibanjani, kwenye shamba letu la migomba na kahawa, upande wa chini, kati ya kaburi la babu na mbuni mkongwe ambao hakuna anayekumbuka nani aliupanda. Kwetu Ijumbi ndivyo tunavyozikana. Unachuma kahawa, na watu wako wamelala palepale. Siku ile mvua ilinyesha, na nilipotupa udongo wangu kaburini, kiasi kilinibaki kwenye kucha. Tangu hapo harufu ya udongo uliolowa hunijia mahali pasipo na mvua: kwenye mto wa kulalia, kwenye sweta la shule, mara moja kanisani nikiwa kwenye foleni ya komunyo. Sikumwambia mtu. Mimi si msemaji, na jambo kama hilo ukilisema watu wanaanza kukuangalia vingine.

Alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kiliingia wadudu, na wadudu wakakataa dawa. Vidonge vilibadilishwa, sindano zikabadilishwa, mguu ukaendelea kuvimba. Yeye aliishia la saba, akabaki nyumbani kumsaidia Bibi aliyetulea. Mimi nikapelekwa Bukoba, kwa baba mdogo anayekaa Kibeta, nikasome sekondari. Nilipokuwa nikirudi likizo alikuwa ananiuliza maswali mengi kuliko walimu.

Likizo ya kwanza bila yeye, nilimwambia Bibi kwamba mwalimu wa baiolojia anataka kila mwanachama wa klabu yetu ya sayansi alete udongo wa kwao. Nikamweleza kuwa udongoni kuna bakteria wanaotengeneza dawa za kuua bakteria wenzao, na kwamba antibiotiki nyingi za hospitali chanzo chake ni hao.

Bibi akauliza kama ni zile dawa zilizoshindwa.

Nikamwambia ni za ukoo huohuo.

Alichukua panga dogo, akateremka hadi kaburini, akachimba kidogo upande wa miguuni. Alirudi na udongo ameufunga kwenye jani la mgomba, kwa uangalifu kama anayefunga chakula cha safari.

"Mpeleke na yeye shule," alisema. "Alitaka sana. Ukirudi uniambie amesema nini."

Nilipanda basi na mzigo huo mapajani, nikipita Muleba hadi Bukoba, na nilishindwa kuuweka chini miguuni.

Maabara yetu ni chumba kimoja chenye kabati la mbao, na ndani ya kabati kuna balbu ya kutunza joto. Tuliukoroga udongo kwenye maji, tukapaka tone kwenye visahani vyenye rojo ya mwani ambayo bakteria huotea, tukangoja. Kwenye changu viliota vitu vingi, lakini mwalimu alinionyesha kidoa kimoja cheupe, chenye unga juu kama chaki. Akasema hao ndio tunaowatafuta, tuwatenge peke yao. Nilipofunua mfuniko, harufu ilinipiga usoni. Ileile. Mfuniko ukanidondoka.

"Anaogopa ukungu huyu," mvulana mmoja akasema.

"Siyo ukungu, mchumba wake yumo humo," akadakia mwingine, na darasa likacheka.

Mwalimu alisema harufu hiyo tunayoiita ya mvua kumbe hutengenezwa na bakteria hao hao. Wenzangu wakainama kunusa, wakafurahi. Mimi nilielewa, ila haikunisaidia. Ilieleza harufu ya kisahani. Haikueleza ya mto wangu.

Kisha likaja jaribio lenyewe. Tulitandaza bakteria wa nyasi kavu, wasio na madhara, kisahani kizima, halafu kila mtu akapanda bakteria wake wa udongo katikati. Huyo wa udongo akitoa dawa, bakteria wa nyasi hawaoti karibu yake, linabaki duara safi. Wenzangu wawili walipata maduara. Kwangu wale wa nyasi waliota mpaka wakamgusa mweupe wangu. Hakuwa ametoa kitu.

Nilikaa nikikitazama kile kisahani nikisikia swali la Bibi. Amesema nini? Nitarudije Ijumbi kumwambia hajasema neno?

Nadhani mwalimu aliona uso wangu, maana alivuta kiti, jambo ambalo huwa hafanyi. Alisema hawa hawatoi dawa wakati wote, inawagharimu. Ndani yao jeni za dawa zimekaliwa na protini, kama mtu aliyekalia mfuniko wa sufuria. Kila mmoja hutoa kemikali kidogo sana. Wakiwa wengi, kemikali hiyo inarundikana, inawaingia, inamwinua yule aliyekalia mfuniko, na hapo ndipo dawa inatoka.

"Wapo wasioweza kuita," akasema, "lakini wakiitwa wanasikia. Mpandie jirani wa udongo uleule."

Kwenye kisahani changu cha kwanza nilichagua kidoa cha kijivu, kibaya hata kukitazama. Kwanza tulimjaribu peke yake, na yeye hakusafisha chochote. Ndipo nikawapanda wawili karibu, bila kugusana.

Nilipofungua kabati asubuhi moja, mweupe wangu alikuwa na bluu. Siyo kote. Ni upande uliomwelekea jirani tu, bluu imevujia kwenye rojo kama wino, na upande huohuo bakteria wa nyasi wamerudi nyuma, pamebaki safi. Upande wa pili bado alikuwa bubu. Mwalimu alisema huenda aliitwa, ila tungehitaji kurudia mara nyingi kabla ya kudai hivyo.

Hatukurudia. Shule ilikuwa inafungwa, na visahani haviachwi hai. Mwalimu alivichemsha vyote kwenye sufuria ya presha. Mvuke ulipotoka, chumba kizima kikanuka kaburi, nami nikatoka nje.

Nyumbani Bibi alikuwa akimenya ebitoke, ndizi za kupika. Alinipa chakula kilichokuwa tayari, akaendelea kumenya, na hakuuliza mpaka nilipokwisha kula.

"Amesema nini?"

Nikamweleza. Kwamba peke yake alinyamaza, na alipopata jirani akaitika kwa rangi ya bluu.

"Yuko wapi sasa?"

"Tuliwachemsha, Bibi. Ndiyo sheria ya maabara."

Kisu kikasimama. "Mmemchemsha."

Nikaanza kusema kwamba ni bakteria, siyo yeye. Bibi akanikatiza, akasema bakteria anawajua, redio inawasema kila siku. Akanyanyuka, akachukua nyasi za kutandazia shamba, akashuka kibanjani. Nikamfuata.

Pale miguuni kile kishimo kilikuwa bado wazi. Alikuwa hajakifukia muda wote huo, akimngoja. Sasa alikifukia, akatandaza nyasi juu, akasema naye kwa Kihaya, taratibu, kwamba shule amekwenda na amerudi. Kisha akanigeukia.

"Mwana wange, mwambie wewe. Mimi hayo ya bluu siyajui."

Sijawahi kusema mbele ya kaburi. Hata siku ya mazishi nilipoitwa niage, nilitikisa kichwa. Nilichuchumaa kando ya Bibi. Lilikuwa jua kali, udongo mkavu. Nikavuta pumzi nikingoja ile harufu, na haikuja. Nikavuta tena. Kukosekana kwake kuliniogopesha kuliko harufu yenyewe ilivyowahi kuniogopesha, na ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Dada," nikasema, "ilikuwa bluu."