Uliza Khabari Mara ya Pili

Naikumbuka alasiri moja ya Matrah, hapa Maskati, mwanangu, na Ijumaa iliyopita niliikumbuka kwa hasira ambayo mpaka sasa haijanishuka. Nimetawadha, nimesali, nimesoma uradi wangu, bado ipo. Basi nimeona niiandike uisome, huenda ikakufaa wewe kuliko inavyonifaa mimi kukaa nayo kifuani.

Nilikuwa msichana mdogo. Tumefika Maskati kutoka Unguja, hata nguo hatujamaliza kuzitoa mabegini. Kiarabu chetu kilikuwa cha msahafu, cha sokoni hatukuwa nacho. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima akiitwa Bi Shamsa, alikuwa anaoza binti yake, akatualika. Mama akatoa doti yake nzuri ya kanga, tukaenda.

Tulipoingia, wanawake waliokuwapo walitukalisha katikati ya busati, wakatuzunguka. "Semeni Kiswahili tusikie!" Mmoja akaivuta kanga ya mama, akaipapasa kama yuko dukani. Mwengine akasema, "Hawa wa Zinjibari wanajua kucheza. Inukeni mcheze!" Wakaanza kupiga makofi. Hawakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi hata leo. Walikuwa watu wema kabisa, wanastarehe na sisi. Mama alikuwa anatabasamu huku kaishika ncha ya kanga yake kwa nguvu.

Bi Shamsa akatoka jikoni, dele la kahawa mkononi. Akasimama.

"Nani kawauliza hawa ulumu zao?"

Kwa watu wa Oman, ulumu ni khabari. Mgeni akishapewa tende na kahawa huulizwa ana ulumu gani, na hapo ndipo anapojua kuwa kapokewa.

"Nakuulizeni! Mtu kaingia nyumbani kwangu, hajapewa hata kikombe, mshamwambia acheze? Nimealika jirani au nimekodi ngoma?"

Akakaa chini mbele ya mama, akammiminia, akamuuliza. Mama akajibu kama alivyokwishafunzwa: "Hakuna ulumu, ila kheri." Wale wanawake wakashusha pumzi, wakadhani yamekwisha. Bi Shamsa hakuinuka. Akamimina kikombe cha pili, kisha akanigeukia mimi. "Jibu la kwanza ni adabu tu, binti. Huyu hanijui, kwa nini anipe moyo wake? Ukiondoka hapo, hukuuliza kitu." Akamuuliza tena, taratibu. Ndipo mama, ambaye tangu tuondoke hatujamuona akidondosha chozi, akasema kwa Kiarabu cha kuokoteza kwamba kamuacha kaka yake hospitali Unguja na hajui kama yu hai. Alilia mpaka kahawa ikapoa, na Bi Shamsa hakumharakisha.

Binti mwengine wa Bi Shamsa alipokuja kuolewa, mama aliinuka mwenyewe akacheza, na hapana aliyemwambia.

Sasa nikwambie ya Ijumaa.

Mjukuu wangu Samira ana nyumba mpya Mabela, pembeni ya mji. Kasoma, ana kazi nzuri, mkono wake mwepesi kutoa, na nnamshukuru Mungu kwa ajili yake. Alialika wenzake wa kazini baada ya sala ya Alasiri, akaupamba ua wake wote. Pembe hii Korea, pembe ile Uturuki, huku India, kule Ufilipino. "Bibi," akaniambia, akanibusu mkono, "leo tunaizunguka dunia bila ya pasipoti!" Nikacheka. Nikala wali wa Kikorea uliokunjwa ndani ya majani ya baharini, nikasema alhamdulillahi.

Pembe ya mwisho ilikuwa Uganda. Pale kasimamishwa Prossy, msichana wa Kiganda anayefanya kazi za nyumbani kwa Samira. Kavishwa gomesi, lile gauni refu la kwao lenye mabega yaliyochongoka, ambalo Samira kalishonesha kwa fundi kwa siku hiyo tu. Mbele yake sahani ya matoke, ndizi za kupika za kwao. Muziki ukawashwa.

"Cheza, Prossy! Usione haya, wote ni watu wetu!"

Prossy akacheza. Simu zikainuliwa. Mgeni mmoja akasema, "Mashallah, huyu ana kiuno! Samira, utuazime tukiwa na harusi." Wakacheka. Mimi nikatazama macho ya yule mtoto. Yalikuwa kwenye mlango wa ndani, kama ya mtu aliyeacha chungu motoni.

Alipokwenda kuchukua chai nikamfuata jikoni. "Prossy, khabari zako?"

"Mzuri tu, Bibi. Niko sawa."

Wallahi, nilikuwa nshageuka. Kisha nikamuona moyoni Bi Shamsa na dele lake. Nikavuta kiti, nikamkalisha, nikammiminia chai. "Khabari zako, mwanangu?"

Akakiangalia kikombe. "Ni mama yangu, Bibi. Alikufa juzi. Wanamzika saa hii. Kaka yangu alisema atashika simu nimwone mara ya mwisho, lakini madamu alisema leo simu ikae chumbani mpaka wageni waende."

"Madamu anajua?"

"Aliniuliza asubuhi kama niko sawa. Nikasema tamam, madamu. Alikuwa bize sana."

Nilitoka uani nikauzima muziki kwa mkono wangu.

"Bibi, vipi tena? Watu wanastarehe."

"Watu wanazika, Samira. Mpe mtoto simu yake."

"Bibi, taratibu, mbele ya wageni..."

"Wageni wameshakula! Huyu anayekupikia ana mama anaingizwa kaburini, nawe umemvisha nguo za kwao, umemsimamisha kando ya ndizi!"

"Mimi nilimuuliza! Wallahi, Bibi, nilimuuliza. Kaniambia tamam!"

"Ulimuuliza mara moja."

Simu ikaletwa. Ilipofunguka picha, jeneza lilikuwa limeshashuka. Tuliona udongo unatupwa, na wanawake waliovaa magomesi wamepiga magoti. Prossy naye akapiga magoti sakafuni pale jikoni, ndani ya gomesi lake la kuchezea. Nikakaa chini nikamshika bega. Yeye Mkristo, mimi Muislamu. Kwao walikuwa wanamuombea mama yao, nami nikamuomba Mola wangu ampe subira yatima huyu. Uso wa mama yake hakupata kuuona. Hilo haliwezi kutengenezwa tena, si kwa pole wala kwa zawadi, na limepotea ili watu wapate picha za kutumiana.

Samira alininunia. Kawaambia watu nimemdhalilisha nyumbani kwake. Sikumfuata. Juzi nilipokwenda, nikawakuta jikoni, yeye na Prossy, dele katikati yao. Prossy alikuwa anasimulia kwamba mama yake alikuwa mkali, akifukuza kuku na watoto kwa mwiko mmoja, na yeye mwenyewe akacheka na machozi yakamtoka. Safari yake ya kwenda kuliona kaburi imeshapangwa. Samira akaniona mlangoni. Akammiminia Prossy tena. Nikaondoka bila ya kuingia.

Mwanangu, sikukatazi kula vya watu. Nenda Ruwi ukale vya Wahindi, nenda kwa Waturuki, jifunze kuvaa na kupika. Mola wetu katuumba makabila mbalimbali ili tujuane, kisha kwa rehema zake kawaleta wenzetu hapa hapa, wala hukuhitaji kupanda ndege. Lakini unadhani umewajua kwa kuwaonja? Dunia unayoitafuta inafua nguo zako, inajenga ukuta wako kwenye jua, na ina mama wa kuzika. Kabla hujamwambia mtu akuoneshe ngoma ya kwao, kaa chini. Mimina. Uliza. Akikwambia nzuri, usiinuke, hajakwambia kitu bado. Na sisi khasa, watoto na wajukuu wa waliokalishwa katikati ya busati, hatuna udhuru kwa Mungu wala kwa watu.

Mola akuzidishie riziki na akufanye nayo mpole. Aijaze nyumba yako wageni, na akupe uvumilivu wa kuwasikiliza. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mgeni kwenye nchi ya watu, akujaalie mtu wa kukumiminia kikombe cha pili. Amin.