Stendi Iliyokataliwa Mara Tatu

Kwa wakazi wote wa Kaloleni, waliopo na waliohama wakajifanya wametusahau: mnatangaziwa kwamba Mzee Phares Wabwire, mkaguzi mstaafu wa mabehewa, aliyekula mshahara wa reli miaka thelathini na mmoja kwa kukataa kazi za watu wengine, ameamua kuunda kitu kwa mikono yake mwenyewe. Mnaombwa muwe watulivu.

Kazi ya Wabwire ilikuwa kutembea kando ya treni na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja moja na kutega sikio. Gurudumu zima huitika kama kengele. Lenye ufa hujibu kama mgonjwa aliyeamshwa. Hilo alilichora msalaba wa chaki, na behewa likabaki hapo hapo, hata liwe limebeba mahindi ya waziri. Reli ilimstaafisha yeye. Sikio lake halikukubali kustaafu. Nyumbani aligonga sufuria mpya, milango, matikiti maji na, Mungu amsamehe, goti la shemeji yake.

Mkewe, Truphena, alikuwa na blanketi la viraka. Alilishona miaka miwili kutokana na sare za vitenge alizowahi kuvaa harusini na matangani, maana mwanamke wa Kaloleni akifika miaka sitini huwa na sare za kutosha kuvisha jeshi la nchi ndogo. Kiraka cha zambarau kilikuwa harusi ya binti yao Nafula. Cha kijani, mazishi ya katekista. Cha rangi ya machungwa, harusi iliyovunjika kabla keki haijaisha. Kikundi chake cha akina mama kilipokutana kwake mara ya mwisho, alilikunja vizuri kwenye kochi ili walione. Mwenyekiti, Mama Awiti, aliliona. Akalikalia. Kisha akapangusia hapo hapo vidole vyenye mchuzi wa omena.

Sasa kikundi kilikuwa kinarudi Jumapili, na siku hiyo kingepiga kura: mwaka huu wajifunze kushona mablanketi ya viraka, Truphena awe mwalimu, au wajifunze kutengeneza sabuni ya maji, mwalimu awe Mama Awiti kama alivyokuwa mwalimu wa kila kitu tangu kikundi kiundwe? Truphena hakuwahi kuwa mwalimu wa chochote. Alilitaka blanketi lake mbele ya macho ya watu, mbali na makalio yao.

"Naenda Eastleigh kununua stendi ya chuma ya kulitundikia," alisema Jumatatu.

Wabwire aliweka kikombe chini kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Ya chuma? Hizo huchomelewa na watu wenye haraka ya kwenda lanchi. Nitaunda mwenyewe."

"Wewe, Baba Nafula? Kigoda tu kilikushinda."

"Hakikunishinda. Nilikikataa."

Akachora nyuma ya kalenda ya mwaka jana: fremu mbili za ubavuni zenye miguu mipana, na kati yake fito tatu za kulaza blanketi. Ya nyuma iwe juu, ya katikati ishuke kidogo, ya mbele iwe chini zaidi, ili viraka viteremke kama ngazi na kila kimoja kionekane. Upana, mita moja kamili.

"Kwa nini mita moja?" Truphena aliuliza.

"Ndio upana wa reli ya zamani."

Mjadala ukafungwa.

Stendi ya kwanza ilisimama Jumatano, uani kwa jirani yao Kitonga, fundi wa makochi aliyemwazima randa na msumeno. Kwa macho ya binadamu ilikuwa stendi. Wabwire akaigonga kwa nyundo, akatega sikio, akatoa chaki.

"Nini tena?" Kitonga akauliza.

"Kiungo cha kushoto kina kikohozi."

"Mzee, hii si injini ya kwenda Kisumu. Ni ya kulalia blanketi!"

"Blanketi ni mzigo. Mzigo ni mzigo."

Akaifungua yote. Ya pili ilikamilika Ijumaa. Kitonga alileta pima maji yake, akailaza juu ya ufito, na kile kipovu cha ndani kikatulia katikati. Wabwire aliitazama pima maji kwa huruma, akaichora msalaba. Kisha akaichora stendi.

"Umefelisha hata kifaa changu?" Kitonga alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Nafula, huyu mzee ulimtoa wapi?"

"Stesheni," Truphena akajibu. "Na hakukuwa na risiti."

Kwa ya tatu, Truphena hakumwachia peke yake. Jumamosi nzima alikaa kando yake na msasa, ule mkali kwanza kisha ule laini, akisugua fito kufuata mistari ya mbao mpaka zikateleza kama shavu la mtoto. Walifukuza kuku, wakapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, wakapaka vanishi mkono wa kwanza. Ilipokauka wakapitisha msasa tena kidogo, wakapaka mkono wa pili. Jioni ile stendi ilikuwa na rangi ya chai ya strungi iliyokolea, na Truphena alijikuta anamwita mumewe "fundi" bila kejeli.

Asubuhi ya Jumapili alimkuta ameipigia magoti.

"Usiniambie," alisema.

Wabwire hakumwambia. Alichora msalaba wake, akabandika karatasi: ISITUMIKE. P. WABWIRE, MKAGUZI. Akavaa kofia, akaenda kwa Kitonga kutafuta mbao za stendi ya nne.

Truphena alisubiri mgongo wake upotee kwenye kona. Akabandua karatasi, akafuta chaki kwa kanga, akalitandaza blanketi.

Akina mama walifika kutoka kanisani, na mlangoni pakatokea msongamano, kwa sababu wa kwanza kuingia alisimama ghafla. "Ngai! Si hiki ni kitenge cha harusi ya Nafula?" "Na hiki tulikivaa kwa katekista, jamani!" Walishika, walicheka, walimlilia katekista kwa dakika mbili. Mama Awiti alizunguka stendi akitafuta mahali pa kukaa, akakosa. Kura ilipopigwa, mikono kumi na mmoja ilitaka viraka. Sabuni ilipata mmoja, na mwenye mkono huo aliushusha taratibu kama anayejikuna.

Wakati huo Wabwire akaingia, ubao begani.

"Karibu, mzee wetu!" Mama Awiti alisimama na kukohoa kiuenyekiti, maana hata kama kura imemshinda, angalau angetoa hotuba. "Kwa niaba ya kikundi, tunakupongeza. Ufundi kama huu hauonekani tena Nairobi hii. Tumeamua kila mama hapa umuundie yake. Makofi!"

Makofi yakapigwa. Mwalimu Truphena akamkazia mumewe jicho la ndoa ya miaka arobaini.

"Sasa, mzee," alisema Mama Awiti, "tupe neno moja tu."

Wabwire aliinama, akaugonga mguu wa stendi kwa kidole, akatega sikio.

"Inayumba," akasema.