Springi Aliyokataa Gasto

Marehemu mume wangu, Gasto, alikuwa fundi wa springi mjini Singida, miaka ile biashara ilipofunguliwa na malori ya watu binafsi yakaanza kujazwa alizeti kupita kiasi. Alizoea kusema springi hubeba gari kwa kupinda na kurudi, na shokapu huizuia isirukeruke. Chuma kisichoweza kupinda huvunjika.

Siku ya mnada wa Mtinko, mfanyabiashara mmoja alileta lori lenye springi iliyopasuka.

"Ichomelee haraka, nawahi mnada."

"Moto utaharibu chuma hiki, bosi. Ngoja nikatafute springi nyingine."

"Fundi mzima unaogopa moto? Basi kapike uji!"

Gasto alipoondoka kwenda kutafuta, mdogo wake, Chediel, aliyefanya kazi naye gerejini, alimkubalia mfanyabiashara akaichomelea springi ile, kisha akapanda lori hilohilo kwenda mnadani. Mteremkoni springi ilikatika, lori likapinduka. Alikufa Chediel, pamoja na akina mama wawili waliokaa juu ya magunia.

Msibani, wazee wa wafiwa waliuliza nani alilitengeneza lori. Kwetu marehemu hashtakiwi mbele ya jeneza lake. Gasto aliinama, akasema, "Gereji ni yangu, wazee wangu."

Hakuongeza neno mpaka anakufa. Wanangu waliitwa watoto wa muuaji, ndiyo maana naandika. Wateja walituhama, na wa kwanza alikuwa mfanyabiashara yuleyule, akiwaambia watu kwamba alimkataza Gasto kuchomelea.