Pembe Haimbiki

Yadigar, muuza jibini wa mtaa wetu hapa Kars, ni malenga. Atakwambia mwenyewe kabla hujauliza bei. Na fani yake ni ile ngumu: unasimamisha sindano katikati ya midomo, unapiga gambusi la shingo ndefu, na unatunga papo hapo mashairi yasiyo na b, p, m, f wala v. Ukiteleza, midomo inakutana, sindano inakuchoma. Anayeona ni rahisi ajaribu kusema "mama".

Mungu alimpa Yadigar jina lisilogusanisha midomo hata kidogo, kisha kwa mzaha akamwoza Pembe. Kwa lugha yetu pembe ni rangi ya waridi. Anayefikiria ng'ombe, shauri yake. Basi mashairi yote ya mapenzi yakawa yanamwendea Nazlı, mrembo asiyekuwepo duniani, ila jina lake lilipita salama.

Pembe alivumilia mpaka asubuhi ya shindano la mwaka huu.

"Huyo Nazlı ndiye anayekufulia soksi?"

"Ni jina tu, mke wangu. Halina midomo."

"Mimi ninayo. Leo usiponiimba, utalala na jibini zako huko huko dukani."

"Nikikuimba nimeshindwa. Nusret atanicheka mpaka kiyama."

"Haya, chagua."

Nusret ni kinyozi. Kila mwaka humshinda Yadigar, na humkumbusha hayo akiwa amemwekea wembe kooni.

Alasiri mkahawa wa chai ulijaa. Pembe alikaa nyuma akifuma, hainui uso. Nusret alianza kwa mbwembwe, lakini katikati likamponyoka neno "baba", akaruka kwenye kiti ameshika mdomo. Ikabaki Yadigar amalize ubeti mmoja tu salama, ushindi uwe wake. Watu wakaanza kumpigia makofi.

Alipofika penye jina la mpenzi akaviacha vidole viendelee kupiga bila maneno. Akamtazama mkewe. Mimi nikajua, na nikamwonea huruma kwa dhati.

"Pembe," akaimba. Damu ikamshuka kidevuni. Kisha, kwa vile kibwagizo ni kibwagizo, akaliimba tena.

"Huyu amerogwa," akasema Nusret, ambaye ubingwa ulibaki kwake bila jasho.

Pembe alikuja mbele na leso. "Mjinga mkubwa wewe," akamwambia, huku akimfuta kidevu, na machozi yanamtoka mbele ya mtaa mzima.

Midomo ya Yadigar ilivimba, ikakataa kabisa kukutana. Jana nilikwenda kununua jibini, nikamkuta anamwita mkewe aliyekuwa chumba cha nyuma, kwa jina pekee aliloliweza.

"Nazlı, chai iko?"

"Abee, naileta," akaitika Pembe.