Mama Mkwe Kwenye Keria

Nimeishi katika miji mingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye mke, na karibu kila mahali nilifika na baiskeli au niliondoka nayo. Mtera nilibeba samaki wakavu. Nkuhungu nilibeba mkaa, kisha maji, kisha mkaa tena. Hata leo nikisikia mnyororo mkavu ukilalamika barabarani, najikuta nimesimama kuangalia ni nani anaondoka na anaelekea wapi.

Katika kazi hizo nilijifunza kwamba baiskeli haiuawi na mzigo, inauawa na shimo. Mzigo unaichosha tu. Shimo ndilo linalopinda rimu, ndilo linalokata spoku, zile njiti nyembamba za chuma zinazoshikilia gurudumu, na ndilo linaloubana mpira wa ndani kati ya chuma na jiwe mpaka utoboke. Kwa hiyo nikawa na taratibu zangu. Upepo haujazwi mpaka tairi ligome kama ukuta. Unalibonyeza kwa kidole gumba, likubali kidogo kisha likatae. Ndani ya tairi la nyuma nilipitisha ukanda wa tairi kuukuu, nikausugua kingo zake kwenye jiwe ili usiutafune mpira. Shimo likiwa mbele nilipunguza mwendo mapema, na nilipoingia niliachia breki, gurudumu lizunguke litoke lenyewe. Dimbwi nisilolijua sikuliingia, hata kama mbuzi alikuwa amepita mbele yangu.

Hayo yote yanafaa kwa samaki na mkaa.

Mama mkwe wangu alikuwa na jicho moja tu la kutegemea, na hilo nalo lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho. Lile lingine lilikufa zamani, kabla sijaoa. Nilipochoka kuzunguka na kukubali kuishi kijijini kwa mke wangu, mwendo wa saa kadhaa wa baiskeli kutoka Mvumi, nilimkuta bibi huyo akitembea uani kwa kupapasa kuta. Mwaka ule, mvua zikiwa zinaelekea mwisho, akafanyiwa upasuaji hospitalini Mvumi. Mke wangu alikaa naye huko, mpaka nilipompigia simu kwamba mtoto wetu ameamka na homa. Akaja mbio kwa gari la mizigo. Jioni, mtoto akiwa amelala kifuani kwake, akaniambia, "Kesho mama anaruhusiwa. Utaenda kumchukua."

"Si apande bodaboda?"

"Amekataa. Anasema kijana aliyempeleka alikuwa anaruka naye kama anafukuza kuku."

"Basi nani atampakia?"

"Wewe hapo."

"Mimi ni mkwe wake."

"Najua wewe ni nani, baba. Nilikuwepo ulipooa." Alimfunika mtoto vizuri kisha akashusha sauti. "Wamesema asiiname, asibebe kitu, asisugue. Na asigongwe wala asitikisike ovyo. Jicho ni moja. Likiharibika hili, hakuna lingine la kupeleka."

Kwetu Kondoa tunawaheshimu wakwe, lakini nyumba ile ilikuwa na heshima ya zamani ambayo majirani wengi wameshailegeza. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawatazamani usoni. Hawagusani. Hawazungumzi uso kwa uso. Likiwepo neno, linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama ni mtoto ambaye bado hajaota meno. Tangu nioe sikuwa nimemwambia mama yule neno moja lililokwenda kwake moja kwa moja. Usiku ule sikulala vizuri. Kila nilipofumba macho niliona ile njia ya Mvumi, jinsi mvua zilivyoitafuna.

Niliondoka kabla ya alfajiri, na asubuhi, karibu na hospitali, nilimpa fundi baiskeli aikague. Alikuwa mtu wa makamo mwenye maneno mengi kuliko spana.

"Unapakia nini leo?"

"Mama mkwe."

Akaacha kazi, akanitazama. "Ametoka kupasuliwa jicho?"

"Ndiyo."

"Na wewe utampakia kwenye hii?" Akawageukia wenzake waliokaa kwenye kivuli. "Jamani, huyu leo akianguka atarudishiwa ng'ombe wake kabla ya saa saba."

Wakacheka. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa. Fundi akashika pampu akaanza kujaza, akisema mama ni mzito, anataka upepo. Sikubishana naye. Nilipofika kwenye kona nikainama, nikatoa upepo kidogo, nikabonyeza kwa kidole gumba, nikatoa tena. Nilitazama nyuma kama mtu anayeiba.

Muuguzi alimtoa mama mkwe akimshika mkono. Nilitazama miguu yake tu, viatu vya plastiki vya bluu na vumbi lililokauka kwenye visigino. Alikuwa amejifunika kanga mpaka puani, na chini ya kanga niliona kwa ukingo wa jicho kikombe kidogo cha plastiki kilicholinda lile jicho. Muuguzi akampandisha kwenye keria, ambayo nilikuwa nimeiwekea gunia lililokunjwa. Akakaa upande, kama wanawake wanavyokaa, lakini kwenye ncha kabisa, mwili wake ukiwa mbali na mgongo wangu kadiri alivyoweza.

Nilijua mara moja kwamba hatutafika. Mzigo uliolalia ncha ya keria unavuta gurudumu upande mmoja, na shimo la kwanza linamaliza kazi. Tena hakuwa ameshika chochote. Abiria mwingine ningemwambia, sogea, nishike kiunoni. Huyu ningemwambia nini? Nikashuka. Nilikuwa na ukanda wa mpira wa kufungia mizigo. Nikaufunga chini ya siti yangu ukawa kama kishikio, nikauacha uning'inie nyuma. Baada ya muda nikahisi siti ikivutwa. Ameushika, na kwa kuushika akalazimika kusogea mbele kidogo.

Tukaondoka. Njia ilianza na changarawe ngumu yenye mashimo madogo madogo. Kila nilipoliona moja nilipiga kengele kabla ya kulifikia, na nikahisi ukanda ukikazwa. Tulielewana hivyo kwa muda. Lakini kengele haisemi shimo ni kubwa kiasi gani, nami mgongoni nilikuwa nasikia pumzi yake ikikatika kila mara, hata kwa vishimo ambavyo ningevipita nimelala.

Tulipofika penye mashamba ya alizeti akasema, si kwangu, "Wewe baiskeli, hivi una mwenyewe au unajiendea?"

Nilishtuka nusura niachie usukani. Nikafikiri, kisha nikasema, "Baiskeli inasema ina mwenyewe, ila mwenyewe anaogopa."

Halafu akasema, "Iambie hata mzigo unaogopa."

Tangu hapo baiskeli ikawa ndiyo mtu wetu wa tatu. Iliulizwa kama imechoka, ikajibu bado. Iliambiwa isikimbilie miteremko, ikaahidi. Ikauliza kama mzigo una kiu, ikaambiwa mzigo utakunywa nyumbani. Kwa muda mfupi nilijisikia nafuu, lakini macho yangu hayakutoka barabarani. Nilisoma kila kivuli. Nilinyanyuka kwenye siti, nikashuka, nikasukuma penye mawe, nikapanda tena penye udongo laini.

Mbele, njia inashuka kwenye korongo ambalo kiangazi ni mchanga mtupu. Siku ile maji ya mvua yalikuwa yamekata njia nzima na kuacha dimbwi pana la rangi ya chai ya maziwa. Pembeni kulikuwa na ukingo mwembamba uliokauka, wenye alama za matairi ya pikipiki. Dimbwi nisilolijua siliingii. Nilishuka, na hapo ilifaa nimwambie naye ashuke. Lakini nilimwonea aibu kumshusha tena na kumpandisha bila mtu wa kumshika mkono, nikaona nisukume akiwa amekaa, polepole, kwenye ule ukingo mkavu.

Ukingo ulikuwa mkavu juu tu. Gurudumu la mbele lilipita. La nyuma, lenye uzito wote, likazama. Udongo ukameguka, na nikasikia spoku zikikatika, mlio mdogo kama mtu anayevunja vijiti vya kuwashia moto. Baiskeli ikalala. Nilipogeuka mama mkwe alikuwa chini, amekaa kwenye tope, miguu imenyooka mbele. Kanga imemfunika uso wote. Shingo aliinyoosha, kichwa hakikutikisika, kama amebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni.

Nilinyoosha mkono. Ulifika katikati ukasimama. Nikautazama kama mkono wa mtu mwingine. Kisha nikainyanyua baiskeli, nikaisogeza mpaka keria ikawa karibu na vidole vyake. Akapapasa, akaishika, akajivuta, akasimama.

"Baiskeli inauliza," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya ajabu masikioni mwangu, "inauliza kama jicho ni salama."

Hakujibu.

"Baiskeli inauliza tena."

Chini ya kanga, mkono wake mmoja ulikuwa umekifunika kile kikombe cha plastiki. Kuna namna moja tu ya kujua hali ya jicho, nayo ni kulitazama. Mimi ndiye mtu pekee niliyekuwa hapo, na mimi ndiye mtu pekee nisiyeruhusiwa. Nikampigia mke wangu simu. Kwenye bonde lile mtandao unapotea, haikuita hata mara moja.

Akatokea mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani. Nikamsalimu, nikamwambia, "Dada, samahani. Nitazamie jicho la mama, limetoka kupasuliwa, ameanguka."

"Mbona usimtazame mwenyewe?"

"Ni mkwe."

"Aa." Akatua kuni. Akamsogelea, akamwamkia shikamoo, akashika ukingo wa kanga. Mama mkwe akaushika kutoka ndani, akaukaza. Yule mwanamke akavuta kidogo, akaacha. "Hataki," akaniambia.

"Mwambie ni muhimu."

"Anasikia. Amekataa." Akajitwika kuni zake. "Mtu akiogopa kuona, huwezi kumfumbua kwa nguvu."

Alipokwenda zake, maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza. Nilikuwa nimedhani anaficha maumivu. Sikuwa nimefikiri kwamba yeye mwenyewe hajui, kwamba amelifumba jicho tangu alipoanguka na hathubutu kulifumbua akakuta giza.

"Baiskeli inauliza, turudi hospitali?"

"Iende nyumbani," akasema. "Aangalie binti yangu kwanza."

Nyumbani kulikuwa karibu kuliko hospitali, na gurudumu lisingebeba mtu tena. Nikasukuma, naye akatembea nyuma akishika keria. Gurudumu lililopinda lilikuwa linakwaruza fremu kila linapozunguka, na kwa mlio huo alijua kama naenda au nimesimama. Nilikuwa nachagua njia kwa ajili ya visigino vyake sasa. Penye jiwe nilisema, "Baiskeli inaona jiwe." Penye mfereji, "Baiskeli inaona mfereji." Jua lilipanda, likakaa utosini. Nilijiuliza nitamwambia nini mke wangu, na kila jibu lilianza na ule ukingo mkavu. Nilifikiria hata kuondoka. Mtu kama mimi huwa ana mji mwingine akilini. Nilikuwa nao hata siku ile, nikaona stendi yake na vumbi lake, nikaona aibu.

Tulipofika, mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Aliona tope kwenye kanga ya mama yake, akaniangalia mara moja tu. Akamshika mkono, akamwingiza ndani.

Mimi nilibaki uani. Nikaipindua baiskeli, magurudumu juu, mbele ya mlango uliokuwa wazi, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Kutoka ndani nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni, mke wangu akinawa.

"Nakitoa hiki kikombe, mama."

"Kitoe."

"Haya. Fumbua."

"Ngoja."

"Fumbua, mama."

"Nimesema ngoja."

Nikalizungusha gurudumu. Likakwaruza, likazunguka, likakwaruza.

"Linakwaruza," mama mkwe akasema kutoka ndani.

Moyo haukunitulia hata kidogo. Kukwaruza kunasikika; hata mtu asiyeona kitu angeweza kusema hivyo. Nikalishika, likasimama. Nafikiri mke wangu aliwaza kama mimi, maana aliuliza kwa sauti nyembamba, "Umesikia au umeona?"

Nilisikia mtoto akinyonya kidole.

"Njiti mbili hazipo," mama mkwe akasema polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Ya tatu imening'inia. Na huyu baba ana mvi kichwa kizima. Miaka yote hii, kwa nini hamkuniambia nimemwoza binti yangu kwa mzee?"

Alikuwa ananiangalia mimi. Nikaliachia gurudumu, nikainama, nikapita haraka pembeni mwa ukuta mpaka nyuma ya nyumba, kama inavyompasa mkwe aliyeonekana. Nikaegemea ukuta, tope limenikauka mpaka mapajani. Nilimsikia mke wangu akicheka, kisha si kucheka. Nilimsikia mama yake akimhoji kuhusu vitu vya uani, kimoja kimoja: ile ndoo ya kijani ya nani, yule kuku mweupe alinunuliwa lini, nani ameacha jembe juani.

Sikuthubutu kuchungulia.