Niliomba Kuona Atakapolala

Mbwa wetu kule mtaani Satellite alipozaa, niliweka picha za watoto wake mtandaoni kutoka saiba moja ya Ngara, duka la kukodi kompyuta. Mama mmoja wa Lavington akanipigia simu: nimwachie mmoja kwa mlinzi. Nikakataa. Mkate huachwa getini, mbwa haachwi. Kwanza nione atakapolala.

"Unanikagua mimi ninayenunua?" alifoka nilipofika kwake na kumtoa mtoto wa mbwa ndani ya sweta, lakini akanipeleka nyuma ya nyumba. Ndani ya kibanda chenye kufuli, mbwa mkubwa alinitazama tu, mimi mgeni, wala hakubweka.

"Tunamfungia mchana ili usiku awe mkali," akasema. "Huyo mdogo ataingia humo pia."

Nilimrudisha wangu ndani ya sweta, nikaondoka bila kuaga. Nilijiona shujaa mpaka getini. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba yule wa kibandani sikumtetea hata kwa neno moja.