Kanuni, Mavazi na Ada za Ghorofa ya Pili

Nimewahi kufukuzwa kazi Juba, nikaibiwa begi Kampala, nikaanguka na sahani ya pilau kwenye harusi ya dada yangu Bungoma mbele ya askofu, na yote hayo naweza kuyasimulia nikicheka, lakini hili la huku Uarabuni, Al Qusais, nikilikumbuka nikiwa kwenye foleni ya bafu asubuhi najikuta nimefumba macho kama mtu anayengoja sindano. Basi wacha niliseme mwenyewe, maana walioliona ni wengi na kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Mimi ni mlinzi. Nina miaka arobaini na minne, na huu ni mwaka wa saba nalala chumba kimoja na wanaume wengine saba, vitanda vya juu na chini, na baridi ya kiyoyozi inaamuliwa na yeyote aliyeikamata rimoti. Kwa hivyo msimamizi wa jengo letu alipomaliza mkataba akarudi kwao, na Madam Farida wa ofisi ya wafanyakazi akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kushika nafasi yake, mimi sikuwaza mshahara (nyongeza yenyewe ilikuwa ya kununulia vocha). Niliwaza chumba. Msimamizi ana chumba chake pale chini, cha mtu mmoja, chenye mlango unaofungwa kwa ndani.

Tulibaki wawili, mimi na Kizza, Mganda mpole tunayelala naye ghorofa ya pili. Madam akatuambia kwa Kiingereza, "Kila mmoja aniandikie kanuni za jengo kwa Kiswahili, ndicho wengi wenu mnachoelewa. Atakayewahi, nitabandika zake tuone watu wanazipokeaje. Yalla, haraka."

Atakayewahi! Neno hilo ndilo lililoniponza. Siku hiyo nilikuwa nimesimama kwa muda wa saa kumi na mbili kwenye ghala la viungo huko Al Ras, miguu imevimba, nanuka iliki mpaka kwenye soksi, na nikiwa ndani ya basi la kampuni nikafungua simu. Sasa, shule niliyosoma ilianza karne ya kumi na tisa ikiwa chuo cha bweni cha wamisionari, na kwenye kundi letu la simu kuna mmoja hachoki kututumia makaratasi ya kale. Wiki hiyo alikuwa amechapa upya tangazo la chuo, la enzi zile za mwanzo, lenye kichwa "Kanuni, Mavazi na Ada". Nilipoliona nikasahau miguu inayouma. (Nimezunguka nchi tano, na bado nikikumbuka uji wa asubuhi wa shule ile, uliokuwa mbaya kweli, natamani kulia.) Nikasema, kwa nini nijisumbue? Kanuni nzuri si hizi hapa?

Nikanakili yote. "Mwanafunzi" nikamgeuza "mfanyakazi", "Mkuu wa Chuo" akawa "Meneja", na "kiranja mkuu" nikamfanya "msimamizi wa jengo". Nusu ya kwanza niliisoma vizuri: kuamka mapema, kufagia, kutopiga kelele baada ya kengele. Ile nusu ya pili, basi lilikuwa limekwama kwenye msongamano, kichwa changu kimeegemea kioo, nikajiambia itakuwa ni hayo hayo. Nikatuma.

Madam, Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo". Akaona karatasi ndefu yenye namba, akafurahi, akagonga muhuri, ikabandikwa kila ghorofa. Mimi nikapangiwa zamu za kufuatana, narudi nimechoka, napita pale ukutani kama mtu anayepita picha yake mwenyewe.

Na huku, kwa ambaye hajawahi kuishi, karatasi ikishapigwa muhuri watu hawaulizi. Watanung'unika jikoni, kisha watatii.

Jumamosi ikawa siku ya ukaguzi. Alikuja Sir, meneja mkuu, pamoja na wageni wawili wa hoteli moja iliyotaka kuchukua walinzi arobaini kwetu. Nilikuwa nimepiga pasi sare yangu, viatu vinang'aa, natembea kando ya Madam kama mwenye nyumba. Tukapanda ghorofa ya pili.

Wanaume thelathini walikuwa wamesimama kando ya vitanda vyao, miguu mitupu, mashuka meupe ya kampuni yamefungwa viunoni, fulana za ndani juu. Kando ya mlango zilikuwa zimepangwa pakiti za unga wa ugali, nyingi, kama duka. Juu yake, kwenye mfuko wa plastiki, nyama.

Sir akauliza, "Hii ni nini?"

Mutiso, Mkamba ambaye hajui kunyamaza, akajibu kwa Kiingereza kilichonyooka, "Ada, Sir. Karatasi ilisema mbuzi mzima au vibaba ishirini vya mahindi. Mbuzi mzima hatukumpata, Sir. Tumechanga tukanunua kilo mbili kwenye bucha la Al Baraha."

Mgeni mmoja akatoa simu, akapiga picha. Madam akang'oa ile karatasi ukutani, akampa Mutiso amfasirie. Akafasiri yote kwa sauti ya mhubiri: shuka kiunoni, miguu mitupu, ada, mpaka kanuni ya mwisho, kwamba atakayekiuka atachapwa viboko sita na msimamizi wa jengo mbele ya wenzake. Akanigeukia.

"Kwa hivyo Barasa, wewe ndiye ungetuchapa?"

Kicheko kilianzia kitanda cha mwisho kikaja mpaka mlangoni. Wageni hawakucheka.

"Umeandika viboko kwenye karatasi ya kampuni," Madam akasema, polepole, kama anayehesabu maneno.

"Madam, ni ya shule yangu ya zamani..."

"Khalas, Barasa. Basi."

Wageni waliondoka bila kunywa chai, na mimi nikapewa barua ya onyo. Kizza akaandika kanuni nne kwa mkono, akapewa kazi. Jioni hiyo nilimsaidia kushusha godoro (ningefanyaje, tulikuwa tunalala chumba kimoja), na tulipofika chini nikamuuliza kitu kilichokuwa kinanikereketa.

"Wewe mtu mzima, ulisimamaje pale na shuka bila hata kuniuliza?"

Akaweka godoro kitandani. "Ssebo, nilidhani ndiyo masharti mapya. Nina watoto wanne. Wangeandika tusimame kwa kichwa, ningesimama." Kisha akanishukuru, akaniaga, akafunga mlango, nikasikia komeo likiingia.

Nilipanda ngazi nikakuta rimoti imeshashikwa. Shule yangu bado naipenda, siwezi kudanganya. Lakini nimeapa: sitaandika tena sharti la kufuatwa na mtu mwingine kabla ya kulisoma hadi nukta ya mwisho, na kabla ya kusimama mimi kwanza, miguu mitupu, kwenye sakafu ile ya baridi.